Uzio Unaomlinda Mwenye Bustani

Katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuna ziwa dogo ambalo halikutokana na mto wowote. Lilikuwa shimo la machimbo ya mchanga lililoachwa likajaa maji. Uchimbaji ulipokoma, Halmashauri ya Congleton ililichukua eneo hilo, ikapanda miti, ikachonga njia za waendao kwa miguu na za wapanda farasi, kisha ikalifungua kwa umma kwa jina la Brereton Heath. Bustani za mapumziko za namna hiyo ni nyingi nchini humo, lakini hii ilikuwa na kitu adimu: fukwe za mchanga, masalio ya machimbo yenyewe, katikati ya mashamba na mbali na bahari. Ilifika wakati watu zaidi ya 160,000 wakawa wanaizuru kila mwaka, na siku za joto familia zilishinda mchangani huku watoto wakijaza ndoo zao na kuzimwaga, wakijaza na kuzimwaga. Leo fukwe hizo hazipo. Hazikuliwa na mawimbi wala hazikuuzwa kwa mwekezaji. Zilifukiwa kwa udongo na kuoteshwa mimea na halmashauri ileile iliyozitengenezea bustani, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama.

Habari ya ziwa hilo inastahili kusimuliwa taratibu, kwa kuwa kila hatua yake inafahamika kwa yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha ofisi ya umma. Kuogelea kulikatazwa tangu mwanzo, na mabango yaliandikwa kwamba maji ni ya hatari. Watu waliyasoma, wakavua mashati, wakaingia. Walinzi wa bustani wakagawa vipeperushi na kuwasihi waogeleaji watoke, wakaambulia kutukanwa. Maofisa nao wakaanza kuandikiana: kila mwaka watu kadhaa wananusurika kuzama, ni suala la muda tu kabla hajafa mtu, dawa ni kuzifukia fukwe ili maji yasiwe na mahali pa kuingilia. Pendekezo likakubaliwa, fedha zikakosekana, likasogezwa mbele. Tarehe 6 Mei 1995, siku ya joto, kazi ya kufukia ikiwa mlangoni, kijana wa miaka 18 aliingia majini mpaka yalipompita kidogo magoti, akajirusha kichwa mbele kama alivyokwisha kufanya mara nyingi, akagonga kichwa kwenye mchanga wa chini. Shingo ilivunjika, na tangu saa ile hakuweza tena kuvitumia viungo vyake. Miezi michache baadaye fukwe zikafukiwa.

Kijana huyo aliishtaki halmashauri, na hoja ya mawakili wake ilikuwa nzito kuliko inavyosikika kwa mbali. Walisema: ninyi wenyewe mlijua. Mliandika kwamba mahali hapa patamwua mtu, mkatambua kwamba mabango hayafanyi kazi, mkapanga kuzifukia fukwe kwa kiasi cha pauni 5,000 tu, halafu mkachelewa. Kwa maneno mengine, barua zilizoandikwa kwa nia ya kuzuia ajali ziligeuka kuwa ushahidi wa uzembe. Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo; Mahakama ya Rufaa, kwa wingi wa majaji, iliikubali, ingawa ilimpunguzia kijana theluthi mbili za fidia kwa kosa lake mwenyewe; na mwishowe shauri likafika kwa majaji watano wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo wakati ule, ambao tarehe 31 Julai 2003 walimpa ushindi mwenye bustani.

Jaji Hoffmann aliliweka shauri kwenye mizani yenye mambo manne: uwezekano wa mtu kuumia, ukubwa wa madhara yenyewe, gharama ya kuzuia, na thamani ya kile kitakachozuiwa. Mambo matatu ya kwanza kila mwanasheria anayajua na kila ofisa wa usalama anayahesabu. Ni la nne ambalo husahaulika, na ndilo lililoamua kesi. Pauni 5,000 ni fedha ndogo sana, lakini hiyo haikuwa bei halisi ya kuzifukia fukwe. Bei halisi ilikuwa mapumziko ya maelfu ya wazazi na watoto wasiokuwa na kosa, walionyang'anywa mchanga ili wachache wasiosikia wakingwe na hatari inayoonekana kwa macho. Jaji Hobhouse akauliza kama sheria inataka miti yote ikatwe kwa sababu vijana wengine wanaweza kuipanda wakaanguka, na akajijibu kwamba haitaki hivyo. Ukisoma hukumu ile nzima, kurasa kwa kurasa za Kiingereza kizito, unakuta chini yake msemo ambao bibi zetu waliumaliza kwa maneno manne: mwenye macho haambiwi tazama.

Halmashauri ilishinda, basi, lakini fukwe zilikuwa zimelala chini ya udongo kwa miaka 8. Hapo ndipo shauri hili linaponifundisha zaidi kuliko katika hukumu yenyewe. Majaji wa ngazi ya juu kabisa walisema kwamba halmashauri haikuwa na wajibu wa kuziharibu, na wakati wanasema hivyo zilikwisha kuharibiwa na watu waliodhani wana wajibu huo. Hofu ya kushtakiwa ilikimbia kuliko sheria. Bunge la Uingereza liliona tatizo hilo, na mwaka 2006 likapitisha sheria ya fidia ambayo kifungu chake cha kwanza kinairuhusu mahakama kujiuliza, kabla haijamtia mtu hatiani kwa kutochukua tahadhari fulani, kama tahadhari hiyo ingekomesha shughuli yenye faida kwa jamii. Ni kifungu kizuri. Hata hivyo kinasomwa mahakamani, na bustani huharibiwa ofisini, miezi mingi kabla wakili hajafungua jalada.

Mwaka mmoja baada ya hukumu ile, London ikaupata mfano wake, na mkubwa zaidi. Tarehe 6 Julai 2004 Malkia Elizabeth alifungua katika bustani ya Hyde Park chemchemi ya kumkumbuka Diana, aliyekuwa mke wa mwanawe. Mbunifu wake, Mmarekani Kathryn Gustafson, alikataa sanamu na mnara. Alitengeneza mfereji wa duara refu uliolazwa kwenye nyasi, wa vipande 545 vya mawe ya graniti kutoka Cornwall, ambamo maji hupanda hadi sehemu ya juu kisha hushuka pande mbili, upande mmoja kwa utulivu na mwingine kwa kurukaruka, mpaka yakutane katika kidimbwi kilichotulia. Nia ilikuwa watu wayaguse, kwa kuwa marehemu alisifika kwa kuwagusa watu. Umma uliuelewa ujumbe upesi kuliko wasimamizi walivyotarajia: watoto wakavua viatu wakakimbia ndani ya mfereji, watu wazima wakafuata. Majani yakaziba mitiririko, maji yakafurika, nyasi za kando zikawa matope, na kabla mwezi haujaisha watu watatu, akiwemo mtoto, walikuwa wameteleza na kupelekwa hospitali. Chemchemi ikafungwa. Ilipofunguliwa tena mwezi Agosti ilikuwa imezungushiwa uzio, ina walinzi, na kuna amri mpya: kuketi ukingoni na kutumbukiza miguu ni ruhusa, kutembea majini ni marufuku.

Kuna jambo moja ambalo magazeti ya wakati ule, yaliyokuwa yakifurahia kuwacheka wakubwa, yalilipitia haraka. Mawe yale yalikuwa yanateleza kwa sababu utando wa kijani huota juu ya jiwe lolote linalopitiwa na maji mchana kutwa, kama unavyoota kwenye ngazi za gati zetu, na maelfu ya miguu yenye matope yaliongezea. Tiba yake ilikuwa kusugua mara kwa mara, kuyakwaruza mawe yashike unyayo, kurekebisha nyasi na kutengeneza njia imara kuizunguka. Kazi hizo zilifanyika hatimaye, nyingi kati ya Januari na Mei 2005, na zinaendelea kufanyika. Gharama ya mradi, iliyopangwa kuwa pauni milioni 3, ikafika milioni 5.2. Katika mlolongo huo wote, uzio ulikuja kwanza na ufagio wa kusugulia ukafuata, kwa sababu uzio hupigwa picha siku moja na kumjibu mwandishi wa habari jioni yake, ilhali ufagio unahitaji mtu wa kuushika kila asubuhi na mshahara wa kumlipa kila mwezi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Hatua nyingi za usalama zinazoiharibu bustani hazizidishi usalama, zinahamisha lawama. Bango lenye maandishi mekundu halimzuii anayeruka, lakini linamwezesha msimamizi kusema alionya. Uzio haumfundishi mtoto kutambua jiwe linaloteleza, ila unauthibitishia uchunguzi kwamba ofisi ilichukua hatua. Ndiyo maana hatua hizo huongezeka mahali pale pale ambapo kazi ya kweli, ya kusafisha, kukarabati na kukagua, imelegea: ofisi iliyolegea ndiyo yenye sababu ya kuogopa lawama.

Majibu mazuri kwa hofu hiyo yalipatikana, nadhani, kwenye madimbwi ya Hampstead Heath, kaskazini mwa London, ambako kundi la waogeleaji watu wazima liliomba kuogelea alfajiri za majira ya baridi bila mwokozi wa kuwasimamia. Wasimamizi wa eneo, Shirika la Jiji la London, walikataa kwa kuogopa kushtakiwa chini ya sheria ya afya na usalama kazini endapo mmoja wao angezama. Waogeleaji wakaenda mahakamani, na mwezi Aprili 2005 Mahakama Kuu ikasema hofu ile haina msingi katika sheria: mtu mzima anayeyajua maji na hatari yake, akaamua kuingia kwa hiari, hamtwishi mwenye dimbwi dhima ya uamuzi huo. Mwaka 2012 mamlaka ya afya na usalama yenyewe ya Uingereza ikatoa tamko kuhusu michezo ya watoto, ikieleza kwamba lengo halikuwa kuiondoa hatari yote michezoni na kwamba hakuna mtoto atakayejifunza kuhusu hatari akiviringishiwa pamba. Mamlaka ambayo kila halmashauri ilikuwa ikiitaja kama kisingizio ilikuwa inakikataa kisingizio hicho hadharani.

Msomaji wa Tanga au Kisumu anaweza kuuliza yanatuhusu nini haya ya Waingereza na madimbwi yao. Yanatuhusu kwa njia ya sheria kwanza. Tanzania Bara ilirithi kanuni zitokanazo na hukumu za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za baadaye, ijapokuwa hazizifungi mahakama zetu, husomwa na kunukuliwa na mawakili. Kenya ina sheria yake, Sura ya 34, inayoeleza wajibu wa msimamizi wa eneo kwa wageni wake, na vifungu vyake vinafuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya 1957. Lakini yanatuhusu zaidi kwa njia ya tabia.

Katika mji ninaoishi kuna bustani ndogo ya manispaa, na katika bustani hiyo kuna mwembe wenye matawi yaliyoshuka chini kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili aliweza kuupanda bila kusaidiwa. Gome lake lilikuwa limelainika na kung'aa, kama kiti cha kale, pale ambapo vizazi vya watoto vilikuwa vikiweka goti. Mtoto mmoja alianguka, akavunjika mkono, na mkono ukapona. Wiki ya pili walikuja watu na misumeno, wakayakata matawi yote ya chini, wakaufunga mti waya wa miiba mpaka kimo cha mtu mzima, wakatundika kibao cha kukataza. Hatua kumi kutoka hapo, kando ya lango, kuna mtaro wa maji ya mvua wenye kina cha kifua ambao mfuniko wake uliibwa muda mrefu uliopita, na usiku taa ya lango haiwaki. Nilimwendea mhusika nikamwuliza kwa adabu ni kwa nini mti umepewa waya na mtaro haukupewa hata ubao. Alinijibu bila kukasirika, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: "Mzee wangu, mti upo kwenye orodha yetu. Mtaro ni wa idara nyingine."

Nimelitafakari sana jibu hilo, na sioni ndani yake uovu. Naona hesabu. Mtoto akianguka mtini, aulizwaye ni yeye. Mzee akitumbukia mtaroni, aulizwaye hajulikani. Kwa hiyo waya ukaenda kwenye swali, wala haukwenda kwenye hatari. Na tofauti aliyoifanya ni kinyume kabisa cha ile waliyoifanya majaji wa mwaka 2003, kwa kuwa tawi la mwembe linaonekana mchana kweupe na kila anayelipanda anajua kwamba anaweza kuanguka, ilhali shimo lisilo na mfuniko gizani haliwezi kukubaliwa na yeyote kwa hiari. Tuna mazoea ya kusema ajali haina kinga, na methali hiyo tunaitumia palipo na mtaro wazi; kwenye mwembe tunaisahau. Watoto, kwa taarifa ya anayetaka kujua, sasa wanacheza barabarani nje ya lango, kati ya bodaboda.

Wapo watakaosema kwamba nchi zetu hazina ugonjwa wa usalama uliozidi, zina ugonjwa wa usalama uliokosekana, na kwamba makala kama hii ni anasa ya nchi tajiri. Nusu ya kwanza ya hoja ni kweli, na ningeogopa sana kuisaidia halmashauri yoyote kukwepa kuziba shimo. Lakini mwembe na mtaro viko katika bustani moja, chini ya lango moja. Usalama uliozidi na usalama uliokosekana havikai katika nchi mbili tofauti. Huzaliwa na ofisi moja iliyojiuliza nani atatulaumu kabla ya kujiuliza nani ataumia.

Kwa sababu hiyo huwa napata wasiwasi kila ninaposikia mtu akishauri kwamba vijana wa makachu wa Forodhani wapigwe marufuku. Aliyefika Unguja anawajua: jioni, kwenye ukuta wa bustani ya Forodhani iliyokarabatiwa mwaka 2009, vijana hutimka mbio, hujirusha hewani, hujikunja na kujikunjua, kisha hutumbukia baharini kwa mshindo huku umati ukishangilia na wauza urojo wakiinua shingo kutazama. Ni hatari? Ndiyo, ni hatari. Maji ya bamvua katika bahari ile hupanda na kushuka kwa takribani mita 4, na mahali palipokuwa na kina cha kutosha saa kumi huwa mawe na mchanga saa nne usiku. Kijana wa ziwa la Brereton alivunjika shingo kwenye maji yaliyompita magoti kidogo tu.

Ila nilisimama pale jioni moja, maji yakianza kutoka, nikamwuliza mmoja wao anajuaje wakati wa kuacha. Alikuwa akitetemeka kidogo kwa upepo, suruali imemshika miguu. Hakunitajia saa wala kalenda ya mwezi, alinielekeza kwa kidole kwenye mstari wa kijani ukutani, na chini yake jiwe jeusi lililokuwa bado limezama. "Ami, jiwe lile likitoa kichwa, hachupi mtu hapa. Hata mdogo wetu anajua." Mdogo wao, wa miaka labda 10, alikuwa ameketi juu ya ukuta akilitazama jiwe hilo kuliko alivyowatazama warukaji.

Huyo hahitaji uzio. Ninayemhofia ni mgeni aliyeshuka kwenye boti mchana, akaona picha hizo kwenye simu yake, akarudi usiku na marafiki baada ya vijana kwenda kula, akajirusha mahali palepale bila kujua kwamba bahari imeondoka. Kwake yeye hatari imefichika, na ukuta unamdanganya. Mamlaka ikitaka kutumia fedha pale, iupake rangi nyeupe mstari ule ambao vijana wanausoma kwa kijani, ionyeshe kina chini yake kwa tarakimu zinazosomeka chini ya taa, na imlipe mmoja wa makachu wakubwa asimame ukutani saa za maji kupwa. Atawaambia wageni jiwe liko wapi.